Miji ya kale ilianzia katikati au pembeni? Njooni tuyachambue maduara ya vitabuni

#1 Mleta uzi

Wakuu, salamu kwenu.

Kuna mchoro wa mji ambao kila aliyekaa darasa la jiografia anaukumbuka: maduara matano, moja ndani ya jingine, na kitone katikati kilichoandikwa "kitovu cha biashara". Mwalimu anauchora ubaoni, mnaunakili, mnaukariri, mnafaulu. Nami niliukariri sawasawa. Ubishi ulinianza miaka mingi baadaye, nilipozama kwenye habari za akiolojia na kukutana na miji ya kale ambayo ukiibana ndani ya mchoro ule inachomoza kila upande.

Naweka hoja yangu mezani mapema ili anayetaka kunirushia mawe asisumbuke kuitafuta. Tumezoeshwa kuamini kwamba mji huzaliwa na kitu kimoja kikubwa katikati, liwe hekalu, kasri au soko, kisha watu wanakisogelea na mji unatanuka kwenda nje. Mimi nasema katika miji kadhaa ya mwanzo kabisa mambo yalikwenda kinyume. Vitongoji vilitangulia, kitovu kikafuata, na kwingine hakikutokea hata siku moja.

Kwanza tukubaliane mji ni nini. Mwaka 1950 mwanaakiolojia V. Gordon Childe, Mwaustralia aliyefanya kazi Uingereza, alitoa makala yenye vigezo 10 vya mji: watu wengi waliobanana, mafundi wasiolima, ziada ya mavuno inayokusanywa kama kodi, majengo makubwa ya umma, tabaka la watawala, maandishi, na kadhalika. Ukivisoma kwa makini vigezo hivyo vinanukia Mesopotamia, yaani Iraki ya kale. Vipeleke Peru kwenye mji wa Caral, uliokuwepo tangu kama mwaka 2600 KK, unakuta mapiramidi na viwanja vya mviringo vilivyochimbwa chini ya usawa wa ardhi, ila maandishi hakuna, na hata vyungu vya udongo walikuwa hawajaanza kufinyanga. Sasa tuwanyang'anye cheo cha mji kwa sababu ya vyungu?

Kuna wanaotaka kurudi nyuma zaidi, hadi Yeriko. Ile ya miaka elfu kadhaa kabla ya Yoshua na tarumbeta zake. Miaka ya 1950 mwanaakiolojia Kathleen Kenyon alichimbua pale mnara wa mawe wenye urefu wa zaidi ya mita 8, uliojengwa karibu mwaka 8000 KK. Mnara upo na ukuta upo, lakini makazi yenyewe yalikuwa ya hekta chache tu.

Anayenivutia zaidi ni Çatalhöyük, huko Uturuki ya leo, kati ya mwaka 7100 na 6000 KK hivi. Hekta 13, watu maelfu, na hakuna barabara. Nyumba zimegandana ukuta kwa ukuta. Unatembea juu ya mapaa, ukifika kwako unashuka kwa ngazi kupitia tundu la paa, na marehemu wa familia wamezikwa chini ya sakafu unayolalia. Hakuna kasri lililoonekana, wala hekalu kuu. Childe angesema hicho ni kijiji kilichovimba, na mimi siwezi kumbishia sana. Lakini jiulize swali moja: katikati ya mahali kama pale ni wapi?

Naendelea sehemu ya pili. Wenye nondo shusheni.

#2

Natia nanga hapa. Mada za namna hii zimekuwa adimu.

#3

Mleta mada, hongera kwa uzi, ila naona umeruka hatua. Kabla ya kuuliza mji ulianzia upande gani, tuambie kwanza kwa nini watu walikusanyika. Nilifundishwa kwamba ni umwagiliaji: mito mikubwa, mifereji mikubwa, kwa hiyo lazima awepo msimamizi mkubwa, na msimamizi akizaliwa mji umezaliwa. Hiyo ikiwa kweli, basi kitovu ndicho baba wa mji na hoja yako inakufa kabla ya sehemu ya pili.

#4 Mleta uzi

Mkuu #3, hiyo nadharia inaenda na jina la Karl Wittfogel, kitabu chake kilitoka 1957. Ni tamu kwa sababu inaeleza kila kitu kwa sentensi moja. Ilipogonga mwamba ni Iraki yenyewe. Mwanaakiolojia Robert McC. Adams alitumia miaka mingi kuzunguka nyanda za kusini akiweka kwenye ramani magofu na mikondo ya mifereji ya kale, na picha aliyoipata ni kwamba mwanzoni mifereji ilikuwa midogo, ya kiwango cha vijiji kujisimamia. Mifereji mirefu ya serikali ilikuja miji ikiwa tayari imesimama. Yaani msimamizi mkuu ni mtoto wa mji.

Upande wa pili yupo Jane Jacobs, mwandishi wa mambo ya miji, ambaye mwaka 1969 alithubutu kusema mji ulitangulia kilimo, na biashara ndiyo mama. Alitumia mfano wa Çatalhöyük na biashara ya obsidiani, lile jiwe jeusi la volkano linalokata kama wembe. Wanaakiolojia walimkatalia, na kwa haki, maana nafaka za kulimwa zinapatikana kwenye vijiji vidogo vya zamani kuliko Çatalhöyük. Lakini sipendi anavyotupwa jalalani moja kwa moja. Alichokiona sawasawa ni kwamba watu hawakusanyiki kwa amri tu. Wanakusanyika pia kwa sababu jirani anacho kile ambacho wewe huna. Shikeni hilo, litarudi.

Sasa sehemu ya pili, na hapa nitakaa kidogo.

Tell Brak ipo kaskazini mashariki mwa Syria. Ni kilima kirefu, zaidi ya mita 40, kilichotokana na nyumba za matofali ya udongo kubomoka na kujengwa juu yake tena na tena kwa maelfu ya miaka. Kwa muda mrefu wachimbuaji walihangaika na kilima hicho, kwa kuwa ndicho kinachoonekana, na ndipo lilipopatikana hekalu lenye visanamu vingi vidogo vyenye macho makubwa. Kisha timu moja ikafanya kazi isiyo na utukufu wowote: kutembea mashamba yanayokizunguka kilima na kuokota vigae vya vyungu, kipande kwa kipande, na kuandika kila kimoja kimeokotwa wapi na ni cha zama zipi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2007. Mwishoni mwa milenia ya 5 KK na kuingia ya 4, kilima kilikuwa kimezungukwa na vitongoji vilivyotengana, kila kimoja peke yake, kukiwa na nafasi tupu kati yao. Baadaye nafasi zile zikajazwa, kutoka pembeni kuelekea ndani, mpaka pote pakawa mji mmoja wa hekta zaidi ya 100.

Ukilisoma hilo polepole unaona kitu. Kama mfalme angekuwa amewaita watu, angewabana chini ya macho yake. Vile vitongoji vilivyoachiana nafasi vinaonekana kama makundi yaliyotaka kuwa karibu na wenzao bila kupoteza umbali kati yao. Karibu kiasi cha kubadilishana bidhaa, mbali kiasi cha kutokatizwa na mtu. (Vurugu zilikuwepo vilevile. Pembezoni mwa mji huo yamefukuliwa makaburi ya halaiki ya karibu mwaka 3800 KK. Mji haukuzaliwa kwa tabasamu.)

Twende Ukraine. Kuna makazi makubwa ya utamaduni unaoitwa Trypillia, karibu mwaka 4000 KK: Talianki, Maidanetske, Nebelivka. Wameyapima kwa vyombo vinavyosoma usumaku wa ardhi, na kwa kuwa nyumba ziliungua, udongo uliookwa na moto unaonekana waziwazi. Nebelivka peke yake ina hekta zaidi ya 230 na nyumba kama 1,500. Zimepangwaje? Kwa maduara! Ukiyaona kwa mara ya kwanza unafikiri ule mchoro wa darasani umethibitishwa. Kisha unatazama katikati, na katikati ni patupu. Uwanda mtupu mkubwa kuliko vijiji vingi vya zama hizo. Nyumba zote zimeupa mgongo ukingo wa nje na kuacha pengo ndani. Ubishi unaendelea kama watu waliishi pale mwaka mzima au walikusanyika kwa misimu, na ndiyo maana wapo wanaokataa kuyaita miji. Mimi sijali jina. Najali kwamba binadamu waliweza kupanga nyumba 1,500 bila kumweka mtu katikati.

Wa tatu ni Jenne-Jeno, nchini Mali, kwenye nyanda za mafuriko za mto Niger. Hapa nina mapenzi ya wazi, mnisamehe. Susan na Roderick McIntosh walipoanza kuchimbua mwaka 1977, hadithi iliyotawala ilikuwa kwamba miji ya ukanda ule ililetwa na misafara ya Waarabu kuvuka Sahara. Tarehe zikasema vingine: watu walikuwa pale tangu karibu mwaka 250 KK. Kufikia kama 800 BK mji ulikuwa na hekta 33 na ukuta wa kilomita 2. Kasri? Halikuonekana. Makaburi ya kifalme? Hakuna. Badala yake kilima kikuu kimezungukwa na makumi ya vilima vidogo, vingi vikiwa umbali wa kutembea kwa miguu, na kwenye baadhi yao unaona kazi maalumu: hapa mabaki ya wahunzi, pale uzito wa nyavu za wavuvi. Nyanda zile hazina mawe wala madini ya chuma, vyote vililetwa kutoka mbali. Mhunzi anamhitaji mvuvi, mvuvi anamhitaji mkulima wa mpunga, na kila mmoja anabaki kwenye kilima chake. Ule mchoro wa kitone katikati utauwekaje hapo?

#5

Mkuu, nimesoma mipango miji kwa hiyo niutetee mchoro kidogo, maana unaupiga ukiwa umefungwa mikono.

Ernest Burgess aliuchapisha mwaka 1925 akieleza mji uliokuwa mbele ya macho yake, Chicago. Hakusema ni wa Mesopotamia. Na haukuwa mwisho wa safari. Mwaka 1939 Homer Hoyt alitazama kodi za nyumba kwenye miji mingi ya Marekani akaona matajiri hawakai kwa duara, wanakaa kwa vipande vinavyofuata njia kuu, kama kipande cha keki. Mwaka 1945 Chauncy Harris na Edward Ullman wakasema hata kitovu chenyewe si kimoja, mji una viini vingi: bandari huku, chuo kule, viwanda kwingine. Sasa hao wa 1945 mbona wanakubaliana na Jenne-Jeno yako? Halafu usimsahau Gideon Sjoberg, mwaka 1960, aliyeeleza mji wa kabla ya viwanda moja kwa moja: wakubwa katikati karibu na kasri na hekalu, maskini pembezoni. Hapo mchoro umegeuzwa chini juu na unaendana na miji ya kale.

#6 Mleta uzi

Mkuu #5, kula tano. Umenisaidia kufika nilikotaka.

Chicago ya Burgess ni mtoto wa ajabu. Mwaka 1840 ilikuwa na watu wasiofika 5,000. Kufikia 1920 imepita milioni 2.7. Reli zinakutana mahali pamoja, wageni wanashuka na mizigo yao na kupanga vyumba karibu na kituo, wakipata nafuu wanahamia duara la pili, kisha la tatu. Maduara yale ni nyayo za watu wanaohama, yaliyopigwa picha katika dakika moja ya mji mmoja. Na hata hapo ni nusu duara, kwa sababu upande wa mashariki ni ziwa! Ili mchoro ufanye kazi unahitaji ardhi inayouzwa sokoni, usafiri wa bei nafuu, na wageni wanaomiminika kila siku. Ondoa kimoja, duara linapinda.

Harris na Ullman nawapenda, ila viini vyao bado ni vya mji ambao tayari upo na unajigawa. Cha Tell Brak ni viini vilivyokuwepo kabla ya mji.

Sjoberg ndiye wa kujadiliwa, kwa sababu yeye kweli alizungumzia miji ya zamani. Mpeleke Amarna, Misri. Farao Akhenaten aliujenga karibu miaka ya 1340 KK kwenye jangwa tupu, na miaka michache baada ya kifo chake ukaachwa. Bahati yetu ni kwamba hakuna aliyejenga mji mwingine mkubwa juu yake, kwa hiyo ramani imebaki kama ilivyokuwa. Kwa Sjoberg tungetarajia wakubwa wamejikusanya katikati. Kinachoonekana ni jumba la mkubwa lenye ukuta, kisima na maghala ya nafaka, na kuzunguka ukuta huo vijumba vidogo vimeng'ang'ania kama kupe, kisha jumba jingine, na vijumba vyake. Tajiri na maskini mtaa mmoja. Yule mchongaji Thutmose, ambaye katika karakana yake ilipatikana sanamu ya kichwa cha Nefertiti mwaka 1912, aliishi humohumo. Maelezo yanayoniingia akilini ni kwamba wadogo walimtegemea mkubwa wa mtaa kwa kazi na chakula, naye aliwategemea kwa jasho lao, kwa hiyo umbali usingemfaa yeyote. Mtaa ulikuwa mji mdogo ndani ya mji.

#7

Na gridi je? Maana kuna wanaosema Hippodamus wa Miletus, yule Mgiriki wa kale, ndiye aliyevumbua mitaa iliyonyooka.

#8

#7, Aristotle ndiye aliyempa sifa hiyo, na pia alisema Hippodamus ndiye aliyepanga Piraeus, bandari ya Athene. Lakini mitaa iliyonyooka ilikuwepo muda mrefu kabla yake. Kahun ya Misri, mji wa wafanyakazi wa karibu mwaka 1880 KK, imepangwa kwa mistari mpaka inachosha. Na Mohenjo-daro, bonde la Indus huko Pakistan ya leo, kuanzia mwaka 2600 KK hivi: njia kuu zilizonyooka, mifereji ya maji machafu iliyofunikwa, visima mamia, matofali ya uwiano uleule wa 1 kwa 2 kwa 4. Na cha kumfurahisha mleta uzi: lipo bwawa kubwa la kuogea, ila kasri la mfalme hakuna aliyeweza kulionyesha bila kubishiwa.

#9

Mleta mada, unazunguka mbuyu. Umechagua miji inayokubaliana nawe. Hebu gusa Chang'an ya China, enzi ya Tang, kilomita za mraba 84, kata zaidi ya 100 zilizozungushiwa kuta, ngoma zikipigwa jioni milango inafungwa na hakuna kutembea. Gusa Baghdad ya khalifa al-Mansur, mwaka 762, duara kamili lenye milango minne na kasri katikati. Na kubwa zaidi, gusa Uruk ya Mesopotamia! Mji ambao wengi wanauita wa kwanza duniani, wenye mahekalu katikati na maandishi ya kwanza humo humo. Hapo kitovu kimeanza au hakikuanza?

#10 Mleta uzi

Haki yako, nilikuwa nakuja huko.

Chang'an nakubali kabisa ilianza na amri. Nasaba ya Sui iliijenga kuanzia mwaka 582 kwa ramani iliyochorwa kabla ya mtu kuhamia. Lakini tazama kasri liko wapi: limeegemea ukuta wa kaskazini. Masoko mawili, la mashariki na la magharibi. Baghdad ndiyo inachekesha zaidi. Mji wa duara kuliko yote, khalifa kajiweka kwenye kitone kama vile alisoma Burgess, na haikupita miaka mingi yeye mwenyewe akaamuru masoko yahamishwe nje, kwenda Karkh upande wa kusini. Maisha yakahamia huko. Leo ule mji wa duara hakuna hata tofali lake unaloweza kuonyeshwa. Kwa hiyo miji ya amri ipo, sikuikana. Ila hiyo ilikuja watu wakiwa wameshajua mji ni kitu gani, kwa maelfu ya miaka. Mfalme alinakili kitu alichokikuta.

Uruk. Kwanza tuwe wakweli kuhusu majembe yetu: Wajerumani wamechimba pale tangu mwaka 1912, na kwa zama zile za mwanzo nguvu karibu yote ilienda kwenye mahekalu. Mitaa ya watu wa kawaida wa milenia ya 4 KK haijafukuliwa sana. Ukichimba hekaluni utapata hekalu.

Pili, Uruk ina katikati mbili. Upande mmoja Eanna, eneo la mungu wa kike Inanna. Upande wa pili Kullaba, eneo la Anu, na hekalu lake jeupe juu ya jukwaa refu. Maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba hayo yalikuwa makazi mawili jirani yaliyokua mpaka yakagusana, na kufikia karibu mwaka 2900 KK ukuta wa kilomita 9 na ushee ukayafunga pamoja. Sikatai uzito wa mahekalu. Yale mabakuli ya kimo kimoja, yaliyofinyangwa haraka haraka na kutupwa kwa maelfu, yanaonekana kuwa vipimo vya posho ya nafaka, na zile kumbukumbu za kwanza kwenye vibao vya udongo ni hesabu za mali na mgao. Mtu alikuwa anahesabu, na alikuwa na nguvu. Ila alikuwa anahesabu watu ambao tayari walikuwa wamekaa pande mbili.

#11 (yule yule wa #9)

Hilo la makazi mawili nalipokea. Lakini watu wa Uruk wenyewe walionaje mji wao? Sisi tunachora tu toka juu.

#12 Mleta uzi

Swali zuri kuliko uzi wangu. Utenzi wa Gilgamesh, ule wa kale wa Mesopotamia kuhusu mfalme wa Uruk, toleo lililoandikwa zaidi ya miaka elfu baada ya ukuta ule, unamwalika msomaji apande juu ya ukuta wa Uruk, aukague msingi na matofali, kisha unampa mgawanyo wa mji kwa kipimo cha eneo kiitwacho sari. Sari moja ni mji wenyewe, nyumba za watu. Sari moja ni bustani za mitende. Sari moja ni mashimo ya kuchimbia udongo. Na nusu sari ni hekalu la Ishtar, ambaye ndiye Inanna.

#13 (yule yule wa #9)

Nusu? Na mashimo ya udongo yamepewa mara mbili ya hekalu?

#14 Mleta uzi

Matofali ya kujengea hekalu yangetoka wapi, mkuu?